Kuondoa mti mkubwa wa zamani ulio karibu na nyumba

Porini mkataji huchagua upande, hukata, mti unaanguka. Mti uliosimama mita nne au tano kutoka ukutani haukupi nafasi hiyo: upande huu paa, upande ule ukuta wa jirani, juu waya za umeme, chini bomba la maji taka. Mti wa namna hiyo mara nyingi hauangushwi, unashushwa. Kila kipande kabla ya kukatwa lazima ijulikane kitapita wapi, kitashikwa na nini na kitatua wapi.

Anza na hesabu ya uzito. Miti mingi ikiwa mbichi huwa na kilo 800 hadi 1,000 na zaidi kwa kila mita ya ujazo. Gogo lenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita moja tu ni karibu robo tani. Kipenyo kikifika sentimita 80, urefu uleule, linakaribia nusu tani. Na hapo limetulia. Likidondoka hata mita moja kabla kamba haijalikamata, kamba inavutwa kwa nguvu ambayo ni mara kadhaa ya uzito huo. Anayekuambia vijana wawili na kamba ya katani watamaliza kabla ya mchana hajaipiga hesabu hii.

Je, ni lazima uondoke?

Ukaguzi uanzie chini, ingawa macho ya watu wengi huenda juu kwenye majani. Zunguka kitako cha shina na utafute uyoga mgumu unaoota kwa kujishikiza ubavuni, hasa pale shina linapokutana na mizizi. Uyoga huo ni tunda la kuvu ambalo limekuwa likila mbao za ndani kwa muda mrefu, hivyo unapouona ujue kuoza hakukuanza jana. Mti unaweza kuwa na majani mabichi yaliyojaa na wakati huohuo umeoza kitakoni, kwa sababu maji hupita kwenye mbao changa za nje, na zinazooza kwanza mara nyingi ni za katikati.

Kisha gonga shina kwa nyundo ya mbao, kuzunguka, kila sentimita 20 au hivi. Mbao nzima hutoa mlio mfupi na mkavu, sehemu yenye uwazi huvuma. Kama kuna tundu, ingiza waya mnene upime. Kipimo kinachotumika sana cha kuanzia ni hiki: unene wa mbao nzima zilizobaki usipungue theluthi moja ya nusu kipenyo. Shina la sentimita 90 lina nusu kipenyo cha 45, kwa hiyo linahitaji angalau sentimita 15 za mbao nzima kulizunguka. Tundu likiwa limefunguka ubavuni, kipimo hicho hakitoshi tena, maana shina lililofunguka hujipinda kirahisi kuliko bomba lililofunga.

Kuinama nako kusomwe vizuri. Mti ulioinama tangu ujana huwa na ncha iliyojikunja kurudi juu kufuata mwanga, huo umejizoesha. Mti ulioinama juzi umenyooka mzima katika mwelekeo mpya, na upande wa nyuma utaona udongo umeinuka au umepasuka, pengine mizizi imekatika. Hiyo ni dharura. Vyumba vilivyo upande wa kuangukia visilalwe hadi fundi afike, na mtu asijaribu kuuvuta kwa kamba urudi.

Juu, angalia panapogawanyika mashina mawili. Makutano yenye umbo la V kali, gome likiwa limebanwa katikati, hayana mshikamano wa mbao kwa mbao. Ukiona ufa au majimaji meusi yanatiririka hapo, upande mmoja unaweza kung'oka siku ya upepo.

Mti uliokufa kabisa usiachwe ukisubiri. Kila mwezi unaopita matawi yanakuwa makavu na mepesi kukatika, mpaka inafika hatua hakuna fundi mwenye akili atakayeupanda. Kazi ambayo ingefanywa kwa kamba na mpandaji mmoja inageuka kuwa kazi ya kreni.

Kwa upande mwingine, majani kujaa kwenye mifereji ya paa, kivuli kizito, au hofu tu kwamba mti ni mrefu, hizo si sababu za kuuondoa. Kupogoa hutosha: kutoa matawi yaliyokufa, kufupisha yanayoelekea paani, bila kuzidi robo ya matawi mabichi kwa mara moja. Usikubali mti ukatwe kichwa. Machipukizi yanayotoka juu ya shina lililokatwa hivyo hujishikiza kwenye mbao za juujuu tu, na baada ya miaka michache unakuwa na matawi mengi mazito yaliyoshikwa vibaya kuliko ya mwanzo.

Udongo chini ya msingi

Hili ndilo jambo linalosahaulika zaidi, na gharama yake huja mti ukiwa umeshaondoka. Mti mkubwa siku ya jua unaweza kuvuta mamia ya lita za maji ardhini. Kwenye udongo wa kichanga haileti shida. Udongo wa mfinyanzi husinyaa ukikauka na kuvimba ukilowa. Mti uliokuwa ukiukausha ukiondolewa, maji hurudi taratibu, udongo unavimba, na msingi unaweza kuinuliwa. Jambo hili huchukua miaka kadhaa, si wiki, kwa hiyo mwenye nyumba huona nyufa bila kukumbuka mti.

Swali la kujiuliza ni kipi kilitangulia, mti au nyumba. Kama mti ni mkubwa kwa umri kuliko nyumba, msingi ulijengwa juu ya udongo ambao tayari ulikuwa umekaushwa, na hatari ya kuvimba ni kubwa zaidi. Nyumba ikiwa ndiyo ya zamani, udongo unarudi tu katika hali iliyokuwepo wakati wa kujenga.

Kupima udongo ni rahisi: chimba nusu mita, chukua donge, lilowanishe, ulifinyange liwe kijiti chembamba kama penseli. Kikijikunja bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Mfinyanzi, mti wa kale kuliko nyumba, na nyufa ambazo tayari zipo ukutani: mambo hayo matatu yakikutana, mwite mhandisi wa majengo kabla ya kumwita mkataji.

Ruhusa, jirani na umeme

Sehemu nyingi zina sheria zinazolinda miti mikubwa au ya zamani hata ikiwa ndani ya uwanja wako. Uliza mamlaka ya eneo lako na upate kibali kwa maandishi. Mti hatarishi mara nyingi huruhusiwa haraka, lakini piga picha za uyoga, nyufa na kuinama kabla haujakatwa. Baada ya hapo ushahidi wako ni kuni.

Kama shina limesimama kwenye mpaka, lichukulie kuwa la wote wawili mpaka uthibitishiwe vinginevyo. Kubalianeni na jirani kwa karatasi yenye sahihi: nani analipa, mbao ni za nani, na kama mafundi wanaruhusiwa kuingia kwake.

Waya za umeme zikipita ndani ya mita tatu kutoka tawi lolote, kazi isianze bila shirika la umeme. Ama wanakata umeme kwa saa hizo, ama wanashusha waya inayoingia nyumbani. Kuvaa glavu za mpira hakutoshi, na tawi bichi hupitisha umeme. Kwenye waya za msongo mkubwa umeme unaweza hata kuruka bila tawi kugusa.

Angalia pia wakazi. Viota vyenye makinda na popo mara nyingi hulindwa na sheria. Nyuki ndio wa kuogopa: mtikisiko wa msumeno huwaamsha, na mtu aliyefungwa kamba mita 15 juu hana pa kukimbilia. Mfuga nyuki awahamishe siku kadhaa kabla.

Njia ipi itumike

Pima kwanza urefu. Shika kijiti chenye urefu sawa na mkono wako, kuanzia jicho hadi ngumi. Kinyooshe wima mbele yako kwa mkono ulionyooka, kisha rudi nyuma mpaka sehemu ya chini ya kijiti iguse kitako cha mti machoni pako na ncha iguse kilele. Umbali kutoka miguuni mwako hadi kwenye shina ndio urefu wa mti, kwa makadirio mazuri, alimradi ardhi iwe tambarare.

Kuangusha mzima kunahitaji uwazi wa angalau mara moja na nusu ya urefu huo upande wa kuangukia, na watu wote wasiohusika wakae mbali mara mbili ya urefu. Mti wa mita 20 unataka mita 30 tupu. Nyumba nyingi hazina.

Kushusha vipande kwa mpandaji na kamba ndiyo njia ya kawaida. Inafaa mti wenye mbao nzima za kumbeba mtu na uzito unaoning'inizwa. Mti uliooza au uliokufa unataka jukwaa la kuinuka, ili fundi afanye kazi bila kuutegemea mti wenyewe. Jukwaa nalo linataka ardhi ngumu. Likisimamishwa juu ya shimo la maji taka, mguu mmoja ukititia, lote linalala. Kreni hutumika pale vipande lazima vipite juu ya paa, na hugharimu zaidi kwa siku lakini humaliza kwa saa chache kazi ambayo kwa kamba ingechukua siku kadhaa. Usilinganishe bei ya siku moja, linganisha ya kazi nzima.

Kumchagua fundi

Mtu anayestahili kazi hii huja kuuona mti kabla ya kutaja bei, anauzunguka, anatazama juu kwa muda, anauliza mabomba yamepita wapi. Akitaja bei kwa simu, mshukuru uendelee kutafuta. Muulize atakavyofanya: atafunga kapi wapi, vipande vitashukia wapi, nani atakuwa chini kwenye kamba. Majibu yake yawe mahususi kwa mti wako.

Bima ni jambo la kuona kwa macho, si kuambiwa. Kuna mbili: ya madhara kwa mali na watu wengine, na ya wafanyakazi wake. Soma tarehe ya mwisho, ikiwezekana piga simu kampuni ya bima yenyewe. Bila ya pili, kijana akianguka uwanjani kwako, huenda madai yakaja mlangoni kwako.

Mkataba uwe wa maandishi hata kama ni ukurasa mmoja. Migogoro mingi haihusu ukataji, inahusu vilivyobaki baada yake. Kwa hiyo uandikwe: kisiki kitabaki kwa urefu gani au kitasagwa kwa kina gani, magogo yatakatwa vipande vya urefu gani na ni ya nani, matawi yanaondolewa au yanasagwa hapo, nani anarudisha uzio uliofunguliwa, nani analipa kigae kilichovunjika. Malipo ya awali ya kiasi yanaeleweka. Malipo yote kabla ya kazi hapana. Salio lilipwe uwanja ukiwa umefagiwa na umekagua paa.

Maandalizi ya siku yenyewe

Magari yaondoke, ya jirani pia. Fungua mifereji ya paa iliyo chini ya matawi makubwa kama inafunguka kirahisi. Weka alama za vigingi au chokaa juu ya shimo la maji taka, bomba la maji na waya zilizofukiwa. Gogo la nusu tani likidondoka kwenye mfuniko wa shimo halitabaki juu. Njia ya kuburuta magogo itandikwe mbao nene au matairi ya magari, hasa juu ya vigae na saruji nyembamba. Matairi yaliyolazwa pia ni kitanda kizuri pale vipande vya shina vitakapodondokea.

Watoto na wanyama wasifungiwe tu ndani, wapelekwe kwingine. Msumeno una kelele kiasi kwamba fundi aliye juu hatasikia mtoto akifungua mlango wa nyuma. Upepo ukianza kuyumbisha matawi makubwa, kazi iahirishwe bila mjadala, na vivyo hivyo mvua au radi.

Mavazi ambayo lazima uyaone kwa mafundi: kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, buti zenye ncha ngumu, na suruali za kukatia, zile zenye nyuzi ndani ambazo hunasa mnyororo ukigusa mguu. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na bandeji za kubana jeraha kubwa, na mtu wa chini anayeweza kupanda kumshusha mwenzake awepo. Fundi anayefanya kazi peke yake juu ya mti asikubaliwe.

Mpangilio wa ukataji

1. Mpandaji huenda na kamba yake ya usalama iliyofungwa kwenye shina kuu. Kila anapowasha msumeno awe ameshikwa sehemu mbili, mojawapo ikiwa mkanda wenye waya wa chuma ndani, maana kamba ya kawaida hukatwa na mnyororo kwa mguso mmoja. Viatu vyenye miiba vinaruhusiwa kwa sababu mti unaondoka. Kwa kupogoa tu vingeuacha na majeraha.

2. Matawi ya chini huondolewa kwanza ili kufungua njia ya vipande vya juu. Vitawi vidogo visivyo na kitu chini yake hudondoshwa tu.

3. Tawi zito hukatwa kwa hatua tatu. Mkato wa kwanza kutoka chini, sentimita 30 au hivi kutoka shinani, kwa kina cha robo hadi theluthi. Wa pili kutoka juu, sentimita chache nje zaidi, tawi linakatika na kuondoka. Wa tatu hutoa kijiti kilichobaki. Ukianza juu bila mkato wa chini, tawi linainama kabla halijaisha kukatwa, linachana gome na mbao kuteremka shinani, na pengine linambamiza mpandaji.

4. Tawi lililo juu ya paa hufungwa kamba kabla ya kuguswa na msumeno. Kamba hupanda hadi kwenye kapi lililofungwa kwenye makutano imara, hushuka hadi kitakoni, na hapo huzungushwa mara mbili au tatu kwenye ngoma ya chuma iliyofungwa shinani. Msuguano wa mizunguko hiyo ndio unaobeba uzito, si misuli ya mtu wa kamba.

5. Yakishaisha matawi, shina lenyewe hukatwa kutoka juu vipande vifupi. Mita moja inatosha kwa shina nene. Pupa ya kukata mita tatu kwa mara moja ndiyo inayotikisa mti mzima na mpandaji juu yake.

Ukimtazama mtu wa kamba utajua kama umepata mafundi. Kipande kinapokatika, mwanafunzi hushika kwa nguvu kisiende popote. Mzoefu huachia kidogo, kamba inateleza kwenye ngoma ikipiga mlio wa kukwaruza, kipande kinapunguza kasi katika mita mbili tatu, kisha kinasimama taratibu juu ya ardhi. Kamba ikisimamishwa ghafla, nguvu yote huenda kwenye kapi na shina alilojifunga mwenzake. Kamba zenyewe hazibebeshwi hadi karibu na nguvu yake ya kukatika: kanuni ya kawaida kwa kazi ya kushusha hivi ni sehemu moja ya kumi, kwa kuwa fundo peke yake hupunguza uimara wa kamba kwa theluthi au zaidi, na mchubuko wa gome huendelea kuila.

Mti wa zamani huficha chuma. Misumari ya kamba za kuanikia, waya za uzio, ndoano za bembea, vyote humezwa na shina na kubaki ndani hata sentimita 20. Doa la rangi ya buluu-nyeusi kwenye uso wa mkato ni dalili: chuma kimeshika kutu na kuingiliana na asidi ya asili iliyo ndani ya mbao. Mnyororo ukigonga hapo meno huisha mara moja, na unaweza kukatika na kuruka. Waambie mafundi kila kitu unachokumbuka kilichowahi kupigiliwa pale.

Kuangusha kipande cha mwisho

Shina likibaki mita tatu au nne na uwazi ukitosha, huangushwa. Upande wa kuangukia hukatwa mdomo ulio wazi wa nyuzi 60 hadi 70, kina chake robo ya kipenyo. Kisha mkato wa nyuma huja kwa usawa wa kona ya mdomo au sentimita chache juu yake, lakini hauikuti kona: katikati huachwa ukanda wa mbao nzima, ndiyo bawaba, wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Shina la sentimita 60 linataka bawaba ya sentimita 6. Bawaba ndiyo inayoongoza anguko, na anayeikata yote ameachia usukani. Kabari za plastiki au mbao hupigwa nyuma ya mkato mapema ili shina lisirudi na kubana msumeno. Kabari ya chuma ikiguswa na mnyororo huharibu vyote viwili.

Shina lililooza katikati halina bawaba ya kutegemea. Kata juu zaidi palipo na mbao nzima, au endelea kwa vipande vifupi. Na shina linaloinama sana mbele huweza kupasuka kwa urefu kabla mkato wa nyuma haujaisha, nusu ya nyuma ikaruka juu kwa nguvu ya kuua. Fundi aliyefunzwa hulikabili kwa kutoboa nyuma ya bawaba kwanza na kuacha ukanda wa nyuma kabisa, anaoukata mwisho. Asiyejua mkato huo asiguse shina la hivyo.

Kamba ya kuvutia ifungwe juu, ivutwe kwa winchi au kapi, na mvutaji awe mbali kuliko urefu wa shina. Gari la rafiki lililofungwa kamba na dereva anayebahatisha ndilo limevunja bawaba nyingi. Mkataji awe amesafisha njia mbili za kuondokea, zikielekea nyuma kwa pembe ya nyuzi 45 kila upande, kwa sababu shina linaweza kupiga teke moja kwa moja nyuma.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kazi ya chini: matawi unayoyafikia ukiwa umesimama ardhini, kukata yaliyokwisha anguka, kupanga kuni. Ngazi na msumeno wa mnyororo visikutane. Tawi likishaondolewa uzito wa ncha, sehemu iliyobaki, ambayo ngazi imeegemea, huinuka, na ngazi inabaki bila egemeo.

Kisiki

Kukiacha ni halali kabisa kama hakikusumbui. Miti inayochipua hupakwa dawa ya magugu yenye glaifosati ndani ya dakika chache baada ya kukatwa, kwenye pete ya nje chini ya gome tu. Katikati pamekufa, dawa hapo inapotea bure. Usiitumie kama mti wa aina hiyohiyo umesimama jirani, kwani mizizi yao huenda imeungana.

Mashine ya kusaga kisiki hufikia sentimita 20 hadi 30 chini ya ardhi, kina kinachotosha kwa nyasi. Chembechembe zake huwa nyingi kuliko shimo. Zisifukiwe zote pale: zikioza hunyonya naitrojeni ya udongo, na nyasi juu yake huwa za njano. Toa nyingi, jaza udongo, na uuache umeinuka sentimita 10 hadi 15, maana utashuka.

Kung'oa kisiki kizima kwa mashine ya kuchimba ndani ya mita tatu kutoka ukutani ni kosa. Mizizi mikubwa imepita chini ya mabomba na pengine msingi, na inapovutwa hunyanyua ilivyovikumbatia. Ile iliyo chini ya nyumba iache. Imekufa, haitanenepa tena. Kuchoma kisiki nako hakufai karibu na nyumba, kwa kuwa moto huingia mizizini na kufukuta chini ya ardhi kwa siku nyingi ukitokeza usipotazamia.

Magogo yasirundikwe ukutani, mchwa watapata daraja. Kama shina ni zima na unataka mbao, amua kabla ya kukata, kwa sababu vipande vya mita moja havina soko la mbao. Ncha zipakwe rangi nzito au nta siku hiyohiyo zisipasuke. Mbao zilizopasuliwa zipangwe na vijiti katikati zipate hewa, na uhesabu takribani mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene.

Miezi inayofuata

Miti iliyokuwa imekingwa na ule ulioondoka sasa inapigwa na upepo upya, kwa hiyo ikague baada ya dhoruba ya kwanza. Maji ya paa ambayo mti uliyanywa yataanza kusimama uwanjani. Refusha mifereji iyamwage mbali na msingi.

Kwenye udongo wa mfinyanzi, chora mstari wa penseli kukatiza kila ufa ulio ukutani, andika tarehe pembeni, na upime upana wake kila mwezi kwa miaka miwili ya kwanza. Angalia pia milango inayoanza kugoma kufunga. Nyufa za unywele zinazofunguka na kufunga kwa msimu ni za kuzibwa na kupakwa rangi. Ufa uliopita milimita 5, au unaoongezeka kila kipimo, upelekwe kwa mhandisi pamoja na tarehe zako.